Vikauke Vyenyewe

Kikombe cha kumi na tisa hakikuwa na pa kukaa. Mjomba alikizungusha ndani ya kitambaa mara mbili, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha kuona kama kuna tone lililobaki, kisha akabaki nacho mkononi akitafuta mahali. Juu ya friji palijaa. Kizingiti cha dirisha kilijaa. Mfuniko wa debe la unga ulikuwa umeshabeba vikombe sita, na kila mlango ulipofungwa kwa nguvu vilitetemeka kama meno ya mtu mwenye homa. Kwenye meza ya saruji, ambayo urefu wake ulitosha ubao mmoja wa kukatia na viwiko viwili vya mtu, mpwa wake alikuwa anakata vitunguu na hakuwa na mpango wa kusogea.

"Kiweke kichwani," mpwa alisema bila kugeuka.

"Kichwani nimeshaweka mawazo."

Mpwa alicheka, akasogeza ubao vidole vitatu. Kikombe kikapata kwao.

Zamani jiko lile lilikuwa stoo ya karatasi ya duka la vitabu. Kutoka mlangoni hadi kwenye sinki ni hatua mbili, na ya pili ilikuwa fupi. Mbele yake kulikuwa na chumba cha kulia chenye meza tano, na huko wateja, wengi wao makarani na walimu wa mtaa ule, walimwita mpwa "Mkurugenzi", kwa jinsi alivyotoa amri kupitia tundu la kupitishia chakula kana kwamba nyuma yake kuna wafanyakazi mia. Nyuma yake alikuwa na mjomba wake tu.

Sahani zao zilikuwa ishirini na nane. Mchana walikuja watu sabini, siku nyingine themanini. Maana yake kila sahani ilitoka mara tatu, na wakati mwingine ilitoka tena kabla haijamsahau mlaji aliyepita. Kuosha hakukuwa tabu, kwani mikono ya Mkurugenzi ilikuwa mepesi. Kazi ilikuwa kukausha, na kukausha kulikuwa kwa Mjomba. Alifanya kazi kiwanda cha mablanketi miaka kumi na tisa, mpaka siku walipokuta geti limefungwa kwa mnyororo, na kitambaa alikijua kwa kukigusa tu kama mganga anavyojua mshipa. Alikuwa amekata vitambaa vinne kutoka shuka kuukuu la pamba: kimoja cha sahani, kimoja cha vikombe, kimoja cha vijiko na kimoja cha akiba. Kila jioni alivichemsha. Sahani ilipita mikononi mwake kwa pumzi moja, ikatoka kavu.

Saa nne na robo, afisa wa afya alibisha kwenye mlango uliokuwa wazi.

Alikuwa mwanamke kijana mwenye koti jeupe lililombana mabega, faili kwapani, na viatu vilivyojaa vumbi la mitaa mingi. "Shikamoo, mzee," alisema, na Mjomba akaitikia kwa furaha, kwa sababu maafisa wengi huingia bila salamu. Afisa akatazama sinki. Akatazama jiko la gesi. Akanyoosha mkono, akashika kitambaa cha sahani kwa vidole viwili.

"Hiki ni cha nini?"

"Cha kukaushia, mwanangu. Jana kimechemshwa."

"Hapa ndipo penye tatizo. Vyombo havifutwi tena. Vikauke vyenyewe, kwa hewa."

"Havifutwi tena? Tangu lini?"

"Kuna waraka."

"Unasemaje?"

"Kama nilivyosema."

Mkurugenzi alikuwa anafuta mikono kwenye aproni. Akasita, hakujua kama hata hilo limo kwenye waraka. "Hewa ipi, dada yangu? Hebu angalia mwenyewe."

Afisa alijaribu kuangalia. Ili aangalie ilimbidi ageuke, na alipogeuka nyonga yake iligonga friji, vikombe vikalia. "Nafasi ni jukumu la mwenye biashara," alisema, huku akipapasa nyonga. Akaandika mistari miwili kwenye karatasi yenye mhuri, akawaachia. Kisha akakusanya vitambaa vyote vinne, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo. "Hivi ni ushahidi. Napita tena saa nane. Nikikuta mnafuta, nafunga."

Mjomba alitaka kusema kwamba cha nne ni cha akiba, hakijagusa chombo hata kimoja. Hakujua kama maneno hayo yangewasaidia au yangewaharibia, akayameza.

Afisa alipoondoka, jiko lilionekana kubwa kidogo, halafu likarudi udogo wake.

"Sasa?" alisema Mjomba.

"Sasa sijui. Wali uko motoni, watu wanaanza kuingia saa sita na nusu." Mkurugenzi alipiga kisu kwenye kitunguu. "Wengine wana bahati, vyombo vyao vinajikausha. Basi na vya kwangu vijikaushe, kwani nina haja gani ya..."

Akanyamaza. Mjomba alimalizia sentensi ile kimoyomoyo. Haikuwa ndefu.

Akatoka nje. Nyuma ya jengo kulikuwa na uchochoro wenye upana wa mabega mawili, ukitenganisha ukuta wao na ukuta wa benki. Hakukuwa na aliyepita humo ila paka, na paka wenyewe wenye shida. Lakini kuanzia saa tano jua liliingia, na upepo ulipita ukiharakia huko uendako. Fundi baiskeli wa jirani alikuwa na rafu ya waya ya friji bovu. Mjomba aliiomba, akaomba na vipande vya waya, akaifunga kwenye nondo za dirisha la jikoni kwa upande wa nje, ikakaa kama mkono ulionyooshwa. Kichanja. Akapitisha sahani moja moja dirishani na kuzisimamisha kwa ubavu, zikapanga mstari kama wanafunzi.

Akangoja. Baada ya muda aligusa ya kwanza. Kavu. Ya pili, kavu. Alicheka peke yake.

"Mkurugenzi! Njoo uone hewa inavyochapa kazi!"

Mkurugenzi alichungulia, uso ukalegea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mjomba, wewe kumbe injinia uliyepotea."

Mstari ulikuwa umefika sahani kumi na saba pale sauti ya mwanaume iliposema kutoka mdomo wa uchochoro, "Hii ya nani?"

Alikuwa na kofia ngumu ya plastiki na utepe wa kupimia, na alipima kabla hajajibiwa. "Sentimita arobaini na tano. Mmejenga kwenye njia ya umma."

"Hatujajenga, bwana. Tumeanika."

"Kitu kikitoka nje ya ukuta ni ujenzi. Kibali kiko wapi?"

Mjomba akakimbia ndani, akarudi na karatasi ya asubuhi, akaishika kwa mikono miwili. "Tumeagizwa. Soma hapa. Vikauke kwa hewa."

Mtu wa kofia alisoma midomo ikicheza. "Hawa ni watu wa afya. Mimi ni wa ujenzi."

"Lakini mhuri ni mmoja."

"Mhuri mmoja, meza mbili." Akaanza kufungua waya. Kila alipotoa sahani alimpa Mjomba, mpaka Mjomba akawa amekumbatia zote kumi na saba, kidevu kikizishikilia kwa juu. "Halafu, mzee wangu, vyombo vya kulia nje, na vumbi lote hili? Kwa nini hamvifuti mkaweka kabatini kama watu wengine?"

Mjomba alifungua mdomo. Kidevu kilipoinuka sahani ziliteleza, akaufunga.

Yule bwana akaondoka na rafu begani.

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Mkurugenzi alisikiliza habari yote huku akikoroga maharage, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mwiko ulivyozidi kwenda kasi. "Mmoja anasema tusifute, tuanike. Mwingine anasema tusianike, tufute. Ofisi moja."

"Mhuri mmoja."

"Nenda ukaulize. Halmashauri si hapo tu? Nenda ukawaambie Mkurugenzi anataka jibu moja: vyombo vifutwe au visifutwe? Tutakalojibiwa ndilo tutakalofanya."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Na Mungu. Nenda."

Halmashauri ilikuwa mwendo wa dakika kumi, na Mjomba alikwenda kwa saba. Kwenye dirisha la mapokezi karani alikuwa anaongea na simu, akamwonyesha benchi kwa kidole. Watu tisa walikuwa wameketi, na mmoja alikuwa amelala. Mjomba hakuketi.

"Samahani, binti. Nimetumwa na Mkurugenzi."

Karani alishusha simu. "Mkurugenzi?"

"Anataka jibu kabla ya saa saba."

"Mkurugenzi mwenyewe?"

"Mwenyewe. Tena amekasirika."

Karani alisimama, akavuta sketi, akatoka nje ya chumba chake. "Karibu huku, baba. Kwa nini hukusema mapema?" Mjomba alimfuata akishangaa. Alikuwa ameambiwa watumishi wa pale wana majibu ya karaha, kumbe ni watu waungwana kiasi hiki. Walipokaribia ngazi, karani akatangulia juu kubisha mlango, naye akabaki chini.

Chini ya ngazi, mahali ambapo dari ilishuka mpaka mtu hawezi kusimama, mama wa chai wa ofisi ile alikuwa amekaa kwenye kigoda. Sinia lilikuwa mapajani kwa kukosa meza. Alikuwa anafuta vikombe kwa kitambaa cha maua, kimoja kimoja, na kuvipanga kwenye ngazi ya kwanza.

"Mama, unafuta?" Mjomba alinong'ona.

"Nisipofuta watasema vikombe vinatoka jasho."

"Lakini kuna waraka."

"Waraka haunywi chai, ndugu yangu." Akapuliza ndani ya kikombe, akakikausha kwa pumzi. "Na wewe ni wa kazi hii?"

"Mwaka wa pili."

Mama alitazama mikono ya Mjomba, akatikisa kichwa kama wanavyofanya mafundi wanapokutana. Karani akaita kutoka juu.

Mkuu wa kitengo alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kipajini. Alimpa Mjomba kiti, akamuuliza kama atakunywa maji. Mjomba akakataa, kwa kumwonea huruma mama wa chai kule chini.

"Mkurugenzi anasemaje?"

"Anauliza, mheshimiwa, vyombo vifutwe au visifutwe?"

Mkuu alionekana kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo halikuwamo kwenye daftari. "Vyombo vya chakula?"

"Ndiyo. Sahani, vikombe, vijiko."

Akafungua faili nene, akashusha miwani ya kipajini juu ya ile ya machoni, akatafuta. "Kifungu cha tisa. 'Vyombo vikaushwe kwa kitambaa safi.' Mwambie..." Akageuza ukurasa. Akakohoa. "Subiri. Kifungu hiki kimefutwa."

"Kimefutwa?"

"Kimefutwa."

"Kwa kitambaa?"

"Kwa waraka, mzee!"

"Na waraka wenyewe nauona wapi?"

"Waraka bado haujatufikia."

Mjomba alikaa na jambo hilo kidogo, akilizungusha upande huu na upande ule. "Lakini unatumika."

"Unatumika, ndiyo." Mkuu alivua miwani yote. Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayeomba ushauri. "Mkurugenzi yeye anapendelea nini?"

"Anapendelea kufuta. Toka nifike mimi tunafuta, na hajaumwa tumbo mtu."

"Basi!" Mkuu alivuta karatasi, akaandika haraka. "Kitengo hakina pingamizi na kufuta. Hiyo ndiyo busara. Mwambie tuko pamoja naye." Akachukua mhuri, akaupuliza. "Yupo ofisini nimpelekee mwenyewe?"

"Hapana. Yuko jikoni."

Mhuri ulibaki hewani. "Jikoni?"

"Saa hizi anapakua wali. Ni mtoto wa dada yangu, mheshimiwa. Ana mkahawa hapo nyuma ya benki."

Mkuu hakupiga kelele. Aliichana ile karatasi mara mbili, taratibu, vipande akavitia mfukoni mwa koti badala ya kapuni. Karani ndiye aliyepiga kelele, mlangoni, kwamba wazee wa siku hizi ni matapeli. Mjomba alishuka ngazi akijiuliza uongo wake ulikuwa wapi. Alirudia maneno yake yote toka dirishani, hakuuona.

Alipofika, wateja walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, na nusu yao walikuwa wamesimama hawana sahani. Sahani zilikuwapo. Zilikuwa zimeoshwa, zimelowa, zimeegemezwa kila mahali penye hewa na pasipo hewa: juu ya friji, ndani ya masufuria matupu, juu ya viti sita vya chumba cha kulia walivyonyang'anywa wateja. Mkurugenzi alikuwa anakung'uta sahani kwa mikono miwili kama mtu anayefukuza nyuki, maji yakimrukia usoni.

"Mkurugenzi, wali wangu unaogelea!" mwalimu mmoja aliita.

"Mpe na kasia!" mwingine akadakia. Watu wakacheka, lakini wawili waliangalia saa zao wakaondoka, na nyuma yao wakafuata wanne.

"Wamesemaje?" Mkurugenzi aliuliza.

"Wamesema kifungu kimefutwa, lakini waraka haujafika."

"Mjomba. Tufute au tusifute?"

"Sijui."

Alimtazama. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye nyusi, na Mjomba hakuweza kujua kama yote ni ya sahani. "Umeniacha peke yangu na watu themanini, unaniletea 'sijui'?"

Mjomba akachukua sahani akaanza kukung'uta. Mikono yake, iliyozoea kazi ile usingizini, ilikuwa haijui ianzie wapi. Mara mbili alijikuta anapapasa bega lake kutafuta kitambaa. Kufikia saa saba na nusu chumba kilikuwa kitupu, na theluthi moja ya wali ilikuwa bado sufuriani. Haikuwa imewahi kutokea.

Saa nane kamili, afisa wa afya aliingia. Alichechemea kidogo. Aliomba maji ya kunywa kabla ya jambo lolote, na Mkurugenzi akampa kwenye kikombe kilichokuwa bado kinadondoka. Afisa alikipokea, na pasipo kufikiri akafuta mdomo wa kikombe kwa pindo la koti lake jeupe. Akanywa yote. Mjomba na mpwa wake walitazamana.

Kisha afisa akaona viti.

"Vyombo vya chakula juu ya viti," alisema akiandika. "Siku saba."

"Hatukufuta!" Mkurugenzi alilia. "Dada, hata kimoja hatukufuta!"

"Sijasema mmefuta. Nimesema viti. Mnatakiwa muwe na sehemu ya kukaushia, mita mbili."

"Jiko zima halina mita mbili."

"Ndiyo maana nafunga." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesomea wenzake ratiba. Akabandika karatasi moja mlangoni, ya pili akaiweka mezani mbele ya Mjomba, kwa kuwa ndiye mkubwa. "Weka sahihi hapa, mzee. Kwamba umesomewa na umeelewa."

Mjomba alipangusa kidole kwenye shati, akakipitisha chini ya mistari. Hakutaka kugomba. Tangu asubuhi alikuwa amejitahidi kuelewa kuliko siku nyingine yoyote maishani mwake. Alikuwa amekwenda mbio, amepanda ngazi, ameuliza kwa adabu. Akachukua kalamu, na kwenye nafasi ile, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma zamani kwa kiboko, akaandika: SIJAELEWA.

Afisa aliisoma. Akaisoma tena. "Mzee, hii siyo sahihi."

"Kwenye karatasi hiyo yote, mwanangu, ni hiyo tu iliyo sahihi."

"Huwezi kuandika hivyo kwenye fomu ya serikali." Lakini alikuwa anauliza, hakuwa anakataza. Alipekua faili akitafuta fomu nyingine, akakuta ile ilikuwa ya mwisho. Alisimama pale, fomu mkononi, kwa muda ambao ungetosha kukausha sahani mbili. Kisha akaitia kwenye faili pamoja na nyingine za siku hiyo, akaaga, akatoka akichechemea kuelekea mtaa wa pili.

Mkurugenzi alikaa kizingitini, karatasi ya kufungwa ikipepea juu ya kichwa chake. Hakulia. Baada ya muda aliinuka, akaleta sufuria la wali, akamimina maharage humohumo, akaliweka katikati yao na kutoa vijiko viwili.

"Sahani je?" Mjomba aliuliza.

"Sahani za nini?"

Wakala kutoka kwenye sufuria. Fundi baiskeli alipita, akasoma karatasi mlangoni, akawatazama. "Si mmefungwa nyinyi?"

"Tumefungwa."

"Na hicho mnachofanya?"

"Tunakula," Mkurugenzi alisema. "Waraka wa kula bado haujafika. Lete kijiko chako."

Fundi akaenda kuleta. Mkurugenzi alikwangua ukoko upande wake, ulio mwingi akausukuma upande wa Mjomba.

"Kesho uje mapema," alisema akitazama sufuria.

"Nije kufanya nini, na pamefungwa?"

"Sijui, Mjomba. Wewe njoo."